"Amesoma ya kutosha": maneno yenye tulishasikia zamani



Kwenye mkutano uliopita tulibishana paka jioni juu ya binti mmoja wa hapa kwetu. Amemaliza lisanse yake, amekubaliwa kuanza masta kule Bukavu, na anaomba sanduku la chama limsaidie minervali. Mzee mmoja alisimama akasema: "Huyu amesomaka ya kutosha. Atafute kazi, tusaidie batoto benye habajafika hata sekondari." Wengi wetu tulipiga makofi. Tukaachana bila kukata shauri.

Mzee hakusema vibaya, na tutarudi kwenye neno lake. Lakini kabla ya kukutana tena tuangalie kidogo historia ya nchi yetu, sababu hayo maneno "amesoma ya kutosha" si mapya. Wengine waliyasema juu yetu zamani, na matokeo yake wazee wetu waliyaona kwa macho.

Wakati wa Wabelgiji, misioni zilifundisha watoto wengi kusoma, kuandika na kuhesabu. Shida ilikuwa juu ya hapo. Mkongomani aliweza kuwa mwalimu, karani au muuguzi, basi. Njia moja tu iliruhusu mtu kusoma miaka mingi: seminari. Stefano Kaoze, kijana wa upande wa Tanganyika, alipita njia hiyo akapewa upadri mwaka 1917 kule Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, kwenye ziwa letu hili hili. Alikuwa padri wa kwanza Mkongomani wa wakati ule. Kumbe akili ilikuwapo. Mlango ndio ulikosekana.

Upande wa dawa ilikuwa vilevile. Tangu miaka ya 1930 vijana walifundishwa Léopoldville kuwa wasaidizi wa madaktari. Walipima wagonjwa, walitibu, walikesha hospitalini, lakini cheo cha daktari kilikuwa cha Mzungu. Yuniversite ya Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954, na ile ya Elisabethville mwaka 1956. Mwaka huo wa 1956 Thomas Kanza alimaliza masomo kule Louvain, akawa Mkongomani wa kwanza asiye padri kupata diploma ya yuniversite Ubelgiji.

Tulipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika hata 30, kwa nchi ya watu milioni kama 14. Munganga mwenye diploma kamili ya udaktari hakuwapo hata mmoja. Kanza, akiwa na miaka 26, ndiye alitumwa kusemea nchi kwenye Umoja wa Mataifa. Na madaktari wengi wa Kibelgiji walipoondoka ghafula, hospitali zilibaki na wale wasaidizi.

Ndipo jambo moja likafanyika ambalo tunaomba kila mwanachama alishike. Shirika la Afya Duniani, OMS, liliwapa wasaidizi hao bursari ya kwenda Ufaransa kumalizia udaktari. Baada ya miaka michache walirudi wakiwa madaktari. Ni watu walewale walioambiwa kwamba wamesoma ya kutosha. Walichokosa ni miaka michache ya shule na mtu wa kulipa. Na wanawake je? Mwaka 1964 Sophie Kanza, dada ya Thomas, alikuwa Mkongomani mwanamke wa kwanza kumaliza yuniversite, na mwaka 1966 akawa waziri wa kwanza mwanamke.

Sisi wa Kivu tulichelewa zaidi. Mwaka 1971 serikali iliunganisha yuniversite zote kuwa moja, UNAZA, na mtoto wa huku alipaswa kwenda mbali: Kisangani, Lubumbashi ao Kinshasa. Bukavu ilipata yuniversite zake kati ya 1989 na 1993: UCB, UEA, na ile ya serikali. Milango ilikuwa imeanza kufunguka karibu yetu, halafu mwaka 1996 vita vikaja, tukavuka ziwa.

Kule Lugufu na Nyarugusu hatukukaa bure. Walimu wetu walifundisha programu ya Kongo, na watoto walifanya Exetat ndani ya kambi. Kuanzia 2005 mashua za kurudi zilipotuleta, wengi tulibeba diploma ndani ya mfuko wa nailoni juu ya maji. Wengine zililowa, wengine zilipotea. Lakini baada ya diploma, njia ilikatika. Mwaka 2019 HCR ilihesabu kwamba katika vijana wakimbizi 100, ni 3 tu walikuwa kwenye masomo ya juu, wakati kwa dunia nzima ni 37. Ule upungufu hatukuuacha kambini. Tulirudi nao.

Daktari Mukwege tunamjua wote. Alisomea udaktari Burundi, akaanza kazi Lemera mwaka 1983. Aliona wamama wanakufa kwa kuzaa, akaona ile elimu yake haitoshi kwa shida iliyokuwa mbele yake. Akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, akarudi Lemera. Hospitali ile ilishambuliwa Oktoba 1996 na wagonjwa wakauawa. Baadaye akaanzisha Panzi. Na mwaka 2015, akiwa na miaka 60, alipata doktora yake Brussels. Kama mtu angemwambia mwaka 1983 "umesoma ya kutosha", nani angewashona wale wamama?

Sasa turudi kwa mzee wetu. Anaogopa kwamba mmoja atakula sehemu ya wengi. Ni haki yake kuogopa. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari bado inatuumiza. Kwa hiyo tunapendekeza hivi: pesa za msiba na za ugonjwa zisiguswe. Chama kisaidie mwanafunzi mmoja kwa wakati, nusu ya minervali, kwa mkopo. Akipata kazi arudishe pole pole, na hizo pesa ziende kwa anayemfuata. Wakati wa likizo akae na watoto wetu wa sekondari, awaonyeshe namna ya kujaza maombi, na kwamba baada ya lisanse ya miaka 3 kuna masta ya miaka 2, na baada yake doktora. Wengi wetu hatukujua hata kama ngazi hizo zipo.

Tena kila mzazi achunge karatasi: buletini, diploma, pointi za kila mwaka, pamoja na kopi zake. Wako watoto waliokosa nafasi kwa kukosa karatasi moja tu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkutano ujao tutapiga kura juu ya yule binti, naye atakuwapo. Tunaomba mumsikilize kwanza.