Kuosha brashi: historia ndefu ya kazi ambayo wachoraji wengi wanaikwepa

Oktoba 2017, kwenye mnada mmoja huko Hong Kong, kisahani cha kauri chenye kipenyo cha sentimita 13 kiliuzwa kwa dola za Marekani zipatazo milioni 37.7. Kilitengenezwa China yapata miaka 900 iliyopita, zama za utawala wa Song ya Kaskazini. Kilikuwa cha kazi gani? Si cha kulia chakula wala cha kutambikia. Kilikuwa cha kusuuzia brashi.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Sasa linganisha na wewe mwenyewe: unamaliza kuchora saa tano usiku, macho mazito, unaitumbukiza brashi kwenye kikombe cha maji na kujiambia "nitaiosha kesho". Kesho ikifika, ncha imepinda, nywele zimegandamana kama fagio la zege, na unaenda kununua nyingine. Kama umeanza kuchora kwa ajili ya kujiburudisha tu, pengine umeshatupa brashi tatu nne hivi na kuamini kwamba "brashi za bei rahisi ndivyo zilivyo". Mara nyingi kosa si la bei. Kosa ni kwamba hatujui rangi inafanya nini inapokauka. Na wanadamu wamechukua karne nyingi kulijua hilo, kwa hiyo usijilaumu sana.

Kwanza, ncha inatoka wapi?

Chukua brashi laini, izamishe ndani ya glasi ya maji na uiangalie kwa pembeni. Utaona nywele zimeachana, zinaelea kila moja kivyake. Itoe nje: papo hapo zinaungana na kutengeneza ncha. Kinachozibana ni mkazo wa uso wa maji. Utando wa maji unaozizunguka nywele unajaribu kupunguza eneo lake, na katika kufanya hivyo unazivuta pamoja.

Lakini hilo linawezekana tu kama nywele ziko huru kusogea. Rangi ikikauka shingoni, pale nywele zinapoingia kwenye pete ya bati, inakaa kama kabari. Nywele zinasukumwa nje, na hata ukilowesha vipi ncha hairudi. Kwa hiyo adui wa brashi hakai kwenye ncha unayoiona, anakaa shingoni.

Wachina walikutana na tatizo hili mapema. Wino wao ulikuwa masizi yaliyochanganywa na gundi ya wanyama. Gundi hiyo ikiwa mbichi inatoka kwa maji matupu, ikikauka inashika. Ndiyo maana chombo cha kusuuzia kilikaa mezani pamoja na karatasi na wino, kama zana kamili ya msomi. Kuosha kulikuwa sehemu ya kuandika, si adhabu ya baada ya kuandika.

Kindi, nguruwe na nondo

Yapata mwaka 1400, huko Italia, mchoraji Cennino Cennini aliandika kitabu cha mafunzo ya ufundi wake. Humo anaeleza brashi za aina mbili. Laini zilitoka kwenye mkia wa kindi, nywele zikifungwa na kuingizwa ndani ya mrija wa unyoya wa ndege. Ngumu zilitoka kwenye manyoya ya nguruwe, yakifungwa kwenye fimbo.

Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Cennini anashauri brashi mpya ya nguruwe ipewe kwanza kazi ya kupaka chokaa ukutani mpaka ilainike. Baadaye ndipo inafumuliwa na kutengenezwa brashi ndogo za kuchorea. Yaani kwake brashi iliyotumika ilikuwa bora kuliko mpya! Na mikia ya kindi ilipokuwa inasubiri kutumiwa, aliikinga na nondo kwa kuipaka udongo au chokaa iliyoloweshwa na kuitundika. Siku ya kazi unaiosha kwa maji safi, basi.

Nondo anaingiaje hapa? Nywele ni protini iitwayo keratini, na viluwiluwi vya nondo wa nguo wanaila. Ukihifadhi brashi ya nywele asilia ikiwa na uchafu, unawatengea mezani.

Mafuta yanabadilisha kila kitu

Rangi ya mafuta ilipotawala Ulaya, maji yakapoteza kazi. Mafuta ya mbegu za kitani hayakauki kama nguo kwenye kamba. Hakuna maji yanayoondoka. Mafuta yanachukua oksijeni kutoka hewani, molekuli zake zinashikana mikono, na mwisho unapata utando mgumu usioyeyuka tena. Ukielewa sentensi hiyo umeelewa kwa nini brashi ya mafuta inabidi ioshwe leo: kesho kitu unachotaka kukiosha kitakuwa ni kitu kingine kabisa.

Mafundi walitumia mafuta yenyewe, au tapentaini inayotokana na utomvu wa misonobari. Huko Ufaransa palikuwa na chombo kidogo chenye vyumba viwili: kimoja kina mafuta safi ya kusuuzia, kingine kinapokea rangi inayokamuliwa kutoka kwenye brashi. Na uchafu ule haukutupwa. Ulikusanywa, ukazeeka na kunata, kisha mafundi wa kupamba kwa dhahabu wakautumia kama gundi ya kubandikia karatasi nyembamba za dhahabu. Kwa hiyo ukiona fremu ya zamani inang'aa dhahabu, kumbuka huenda chini yake kuna machicha ya brashi za mtu.

Mzee wa sabuni na rangi

Watu waliosha kwa sabuni kwa maelfu ya miaka bila kujua inavyofanya kazi. Aliyelifumbua fumbo ni mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, ambaye mwaka 1823 alichapisha utafiti wake juu ya mafuta ya wanyama. Alionyesha kwamba mafuta yakikutana na alkali yanavunjika kuwa gliserini na chumvi za asidi za mafuta, na chumvi hizo ndizo sabuni. Leo tunajua kwamba molekuli ya sabuni ina upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaopenda mafuta. Inashika rangi huku, inashika maji kule, vyote vinaondoka pamoja.

Chevreul huyo huyo akawa msimamizi wa kazi ya kutia nyuzi rangi kwenye kiwanda cha mazulia cha Gobelins, Paris. Mwaka 1839 akatoa kitabu kuhusu jinsi rangi mbili zikikaa jirani zinavyobadilishana sura machoni petu, na wachoraji kama Georges Seurat wakajifunza humo. Alifariki mwaka 1889 akiwa na miaka 102. Mtu mmoja aliwafundisha wachoraji namna ya kuziona rangi, na pia akatueleza sabuni inayozitoa kwenye brashi ni kitu gani.

Ila sabuni ina mpaka wake. Alkali kali inaishambulia keratini. Mtu yeyote aliyewahi kuachiwa dawa ya nywele kichwani kupita muda anajua nywele zinavyokuwa: zimelegea, zinakatika. Brashi ya nywele asilia ni hivyo hivyo. Ipe sabuni laini au shampuu ya kawaida, si magadi wala sabuni kali ya kufulia.

Ulimi si kitambaa

Sasa tufike kwenye sehemu nzito. Wachoraji wengi, hata leo, wanachonga ncha ya brashi kwa midomo. Ni haraka na ncha inatoka nzuri. Mimi nakuomba uache, na sababu iko New Jersey, Marekani.

Kuanzia miaka ya 1910, viwanda viliajiri wasichana wa kupaka rangi yenye radiamu kwenye nyuso za saa ili tarakimu zing'ae gizani. Tarakimu ni ndogo, brashi inapanuka haraka. Wasichana walielekezwa kuitia brashi midomoni, kuichovya kwenye rangi na kupaka, na kurudia hivyo siku nzima. Wafanyakazi walisimulia baadaye kwamba hapo mwanzo palikuwa na maji ya kusuuzia, lakini yakaondolewa kwa kuwa radiamu, iliyokuwa ghali mno, ilikuwa ikipotelea humo.

Soma tena hapo. Maji yaliondolewa ili kuokoa rangi, na kazi ya maji ikapewa midomo ya watu.

Mwili unaichukulia radiamu kama kalsiamu na kuipeleka kwenye mifupa. Meno yaling'oka, taya zikaoza, wengine wakafa wakiwa bado vijana. Grace Fryer na wenzake wanne walifungua kesi mwaka 1927, na mwaka 1928 kampuni ikakubali kuwalipa nje ya hukumu. Kisa chao kilisaidia sana kujenga kinga za wafanyakazi wanaogusa mionzi.

Rangi yako haina radiamu, najua. Lakini baadhi ya rangi za wachoraji bado zina kadimiamu, kobalti, na nyingine hata risasi. Ncha inaweza kuchongwa kwa vidole vilivyoloweshwa au kwa ukingo wa kikombe. Ulimi uuache kwa ajili ya chakula.

Nailoni, akriliki na Dar es Salaam

Mwaka 1935, Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont walitengeneza nailoni. Bidhaa ya kwanza kuuzwa madukani, mwaka 1938, haikuwa soksi bali mswaki. Nyuzi hizo zikachukua nafasi ya manyoya ya nguruwe, na baadaye zikaingia kwenye brashi za kuchorea. Katikati ya miaka ya 1950 ikaja akriliki ya kuchanganya na maji. Ni rahisi kuiosha ikiwa mbichi, lakini ni plastiki: maji yakishaondoka, chembe zake zinaungana na maji hayaziwezi tena. Kile kikombe chako cha "nitaiosha kesho" ndicho kinachoua brashi nyingi za akriliki.

Kwetu, Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya enameli kwenye vipande vya hadibodi. Ni zile rangi za baiskeli na milango. Zina mng'ao na haziogopi unyevu, lakini nazo zinakauka kwa msaada wa oksijeni, na maji hayazigusi. Ukichagua enameli umeshachagua pia tapentaini au mafuta ya taa, pamoja na harufu yake na swali la mabaki yatamwagwa wapi. Si mtaroni, tafadhali. Yaache kwenye kopo lenye kifuniko yatulie, mwaga juu kwenye kopo jingine uyatumie tena, na masimbi yabaki chini.

Brashi yako iliyokauka

Haya, historia imetufikisha mezani kwako. Kabla hujaitupa, jiulize maswali mawili: rangi gani ilikauka, na nywele ni za nini?

Kama ni akriliki, loweka nywele tu kwenye spiriti kwa dakika kadhaa. Plastiki italainika. Kamua kwa vidole kuanzia shingoni kwenda nchani, osha kwa sabuni, rudia. Kama ni mafuta au enameli, anza na tapentaini kisha sabuni. Iliyokauka miezi mingi huenda isipone kabisa, ila bado itafaa kwa kuchorea majani au manyoya ya wanyama.

Kama nywele ni za nailoni na zimepinda, zichovye kwenye maji ya moto sana kwa sekunde chache, zinyooshe, ziache zipoe. Joto linazipa nyuzi nafasi ya kusogea na baridi inazishikisha kwenye umbo jipya. Nywele asilia usizichemshe. Zipake sabuni, zichonge ncha, ziache zikauke na sabuni yake, kama mtu anayelala na rola kichwani. Siku ya kazi suuza.

Kisha ilaze au uitundike ncha ikiwa chini. Usiisimamishe ndani ya kikombe: ncha inapinda, maji yanapanda kwenye mti, mti unavimba, na pete ya bati inalegea.

Jambo la mwisho ni matambara. Mafuta ya kitani yakishika oksijeni yanatoa joto, na tambara lililokunjwa linalizuia joto hilo lisitoke. Februari 1991, jengo la One Meridian Plaza la ghorofa 38 huko Philadelphia liliwaka moto ulioanzishwa na matambara ya namna hiyo yaliyoachwa na mafundi. Hakuna aliyewasha kiberiti. Wazimamoto watatu walikufa. Kwa hiyo tandaza tambara lako nje likauke peke yake, au litie kwenye kopo la bati lenye maji. Ukishafanya hivyo, nenda kalale.