Mzigo wa Maradhi na Wanaoubeba

Mzigo wa maradhi ni istilahi ya wataalamu wa siha na iktisadi, nayo hukusanya yote ambayo ugonjwa humtoza mgonjwa, jamaa zake na taifa lake: mali, wakati, nguvu, na ile raha ya kuishi isiyouzwa sokoni. Ilienea hasa tangu mwaka 1993, Benki ya Dunia ilipotoa ripoti yake juu ya siha, ikitegemea hesabu za Christopher Murray na Alan Lopez, waliojumlisha miaka inayopotea kwa mauti ya mapema na ile inayopitishwa katika udhaifu wa mwili. Hesabu hiyo huyafaa malaria na kifua kikuu, yanayoshika watu kwa mamilioni. Maradhi ya nadra huzama humo yasionekane, ijapokuwa kila aliyepatwa nayo ameelemewa mno.

Mathalani, yako maradhi ya kudhoofika misuli yaitwayo Duchenne, kwa jina la tabibu Mfaransa aliyeyaeleza katika miaka ya 1860. Asili yake ni kasoro katika jeni ya distrofini, protini inayoihifadhi misuli isidhurike kila inapojikaza; na maadamu jeni hiyo imo katika kromosomu ya X, wanaopatwa aghalabu ni wavulana, yapata mmoja katika kila 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Mtoto huanza kuangukaanguka kabla ya kutimiza miaka 5, na atakapo kuinuka sakafuni hujishika mapaja, akajikweza kwa mikono yake mpaka asimame. Afikapo miaka 12 hivi huwa hatembei tena, kisha udhaifu huingia katika pumzi na moyo.

Gharama zake ni za namna tatu. Ziko za dhahiri: dawa, kiti cha magurudumu, mashine ya kupumulia, ujira wa fundi wa kupanua milango. Ziko za kificho, kama mshahara uliokatika kwa kuwa mama ameacha kazi. Na ziko ambazo mimi ningeziita za batini, kama usingizi wa wazazi unaokatizwa usiku kucha, kwa sababu kijana hawezi kujigeuza kitandani. Uchunguzi wa mwaka 2014 katika Ujerumani, Italia, Uingereza na Marekani ulikadiria kwamba jamii hugharimika dola 80,120 hadi 120,910 kwa mwaka kwa kila mgonjwa, nazo huzidi sana kadiri maradhi yanavyokomaa. Na ulipotazama upande wa kaya peke yake, ulikuta dola 58,440 hadi 71,900. Hizo ni nchi zenye bima na ruzuku. Kwingineko, kiti kisichonunuliwa hakiandikwi daftarini, na kijana anayebebwa mgongoni na nduguye huonekana katika hesabu kana kwamba hagharimu kitu. Hapo ndipo hesabu ya fedha inapokosa insafu, kwa kuwa ufukara huufanya mzigo uonekane mwepesi.

Kwa hiyo neno gharama halitoshi kuifasiri istilahi hii, wala taklifu, ambayo kwa wengi ni usumbufu tu. Mzigo lina uzito unaotakiwa, ila lina hatari yake: sisi husema fulani amekuwa mzigo kwa jamaa zake, na msomaji asiyeangalia aweza kumtwika mtoto lawama ya ugonjwa. Basi na iandikwe mzigo wa maradhi, isiandikwe kamwe mzigo wa mgonjwa.

Mwenzi wa istilahi hii ni ubora wa maisha, ambao haufai kuitwa hali ya maisha, kwani hiyo yatuelekeza kwenye chakula na kodi ya nyumba. Hata hivyo ubora hutaka mwenye kuupima, na aghalabu anayejaza karatasi ya maswali ni mzazi. Ilhali vijana wenyewe wanapoulizwa, wengi hujipa daraja la juu kuliko wanalopewa na wazazi wao. Kila takwimu ya ubora wa maisha, kwa rai yangu, ingefaa iambatane na maneno haya: kwa kauli ya nani.