Njia Moja, Familia Mbili

Ndugu msikilizaji, katika likizo iliyopita ya shule mimi na familia yangu tulifunga safari kutoka hapa Mkuyuni kwenda Dar es Salaam. Tulikuwa watu saba katika gari dogo la kukodi: mimi, mke wangu, watoto wanne, na mama yangu mzazi, ambaye alikataa katakata kuacha nyuma mkungu wake wa ndizi. Tulipofika Chalinze hatukunyoosha kupitia Kibaha. Tulikata kushoto hadi Msata, tukashika barabara ya Bagamoyo, ili watoto waione bahari kabla ya kuliona jiji.

Pale Bagamoyo tuliingia katika ua wa jengo la kale la Caravanserai, ambako misafara ya bara ilikuwa ikifikia. Nami, kama mnavyojua tabia ya watu wa redio, nikaanza kuhutubia. Niliwaeleza watoto habari za kirangozi aliyetangulia na bendera, na za wapagazi waliobeba kila mmoja mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, pembe zikiletwa pwani na nguo na shanga zikipelekwa bara. Mama alinisikiliza kwa utulivu mpaka nikamaliza. Kisha akauliza: "Mwanangu, hao wanaume wote, chakula alikuwa anawapikia nani?"

Sikuwa na jibu. Leo, baada ya kurudi vitabuni, nataka kumjibu mama mbele yenu nyote.

Ndugu msikilizaji, tumezoea kudhani kwamba msafara wa zamani ulikuwa jambo la wanaume peke yao. Sivyo. Wanyamwezi, ambao ndio waliokuwa mabingwa wa kazi ya upagazi, mara nyingi walisafiri na wake zao na watoto wao. Safari ya kutoka Tabora hadi pwani ilichukua miezi, na mtu hawezi kuishi miezi bila nyumba. Basi nyumba ilitembea naye. Wanawake walibeba vyungu, unga na mikeka. Jioni waliteka maji, wakatafuta kuni, wakapika. Watoto nao walibeba vitu vyepesi kadiri ya nguvu zao. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, ameonyesha wazi kwamba kazi ya wanawake hao ilikuwa mojawapo ya nguzo za misafara.

Na njia hizo hazikuwa mbali nasi. Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, mwezi Juni 1857. Walifika Zungomero, kusini-mashariki mwa milima yetu ya Uluguru, mwishoni mwa Julai. Huo ni karibu mwezi mzima, kwa mwendo ambao sisi na mkungu wetu wa ndizi tuliumaliza kwa muda usiofika siku moja. Henry Stanley, mwaka 1871, alipita upande wa pili, kwenye mji wa Simbamwene, jirani na Morogoro ya leo. Mji ule ulijengwa na Kisabengo, na wakati huo aliyetawala alikuwa binti yake. Stanley na bunduki zake zote alitakiwa na mwanamke huyo atoe hongo ya kupita.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa mwaka 1873. David Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu wake waliukausha mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,500. Walifika Februari 1874. Shuleni tulifundishwa majina ya Chuma na Susi, na ni haki yao. Ni wangapi walifundishwa jina la Halima, mpishi wa Livingstone, au la Ntaoeka, mke wa Chuma? Nao walikuwamo. Alikuwamo pia msichana mdogo aitwaye Losi. Siku moja, akiwa katika mstari na mtungi wake wa maji, aliumwa na nyoka, akafa baada ya dakika chache. Chuma na Susi baadaye walialikwa Uingereza. Wanawake waliotembea njia ile ile hawakualikwa.

Hiyo ni familia ya kwanza katika njia ile. Ningeishia hapo ningekuwa nimewadanganya, kwa sababu ilikuwapo na ya pili.

Njia iliyopitwa na mama, baba na watoto waliosafiri kwa hiari ndiyo iliyopitwa pia na watu waliotekwa, ambao familia zao zilivunjwa ili wafike pwani. Hebu tumtazame Sidi Mubarak Bombay, kiongozi mashuhuri aliyewatumikia Burton, Speke na Stanley. Alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa, akapelekwa India. Aliporudi Afrika Mashariki akiwa mtu mzima, alirudi na jina la mji wa ugenini. Jina alilopewa na wazazi wake halikuandikwa popote. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini mtoto aliyekwisha kupotezwa jina lake hakurudishiwa.

Ndiyo maana hata maana ya jina Bagamoyo hutajwa kwa namna mbili. Wako wanaosema ni mahali pa kuutua moyo, kwa mpagazi aliyefika salama na watu wake. Wako wanaosema ni mahali pa kuubwaga moyo, kwa mtumwa aliyeiona bahari akajua harudi tena. Sioni sababu ya kuchagua moja. Waliofika pale hawakuwa wamefika kwa namna moja.

Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, na misafara ya miguu ikafifia. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na safari imekuwa fupi kuliko usingizi wa mchana.

Tulipotoka Bagamoyo tulipita karibu na magofu ya Kaole, minazi ikipunga upepo, watoto wakigombea dirisha. Kabla ya Bunju wote walikuwa wamelala, vichwa vyao vimeegemea mapaja ya bibi yao. Nikawatazama nikahesabu: saba tulioondoka Mkuyuni, saba tunaoingia mjini. Hesabu hiyo ndogo, ndugu msikilizaji, wako wazazi katika njia ile ambao hawakuipata.

Utakapopita huko na wanao, waonyeshe bahari. Kisha wasimulie habari za familia zote mbili.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.