Fundi, Mwanagenzi na Mwajiri: Historia ya Mafunzo ya Kazi katika Afrika Mashariki

Katika kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903, fundi anafasiriwa kuwa mtu stadi wa kazi fulani, na kwa sababu hiyo aweza kuwafundisha wengine. Msemaji wa leo husikia ustadi peke yake. Nusu ya pili ya maana imefifia, na kufifia kwake hakuelezeki bila kumtazama mwajiri.

Katika miji ya pwani, kijana alipelekwa na mzazi au mjomba kwa seremala, mchonga milango, mwashi au muunda vyombo. Mwanagenzi alianza kwa kuchota maji, kufagia maranda na kushika ncha ya pili ya msumeno. Alijifunza kwa macho kabla ya kujifunza kwa mikono. Alipohitimu, fundi alipewa kilemba. Neno hilo, ambalo asili yake ni kitambaa cha kichwani, lilikuwa pia jina la zawadi ya kumaliza kazi au mafunzo. Utaratibu huo ulikuwa na hekima yake: fundi alinufaika pale mwanafunzi alipofika mwisho. Hata hivyo, si vema kuusifu kupita kiasi. Muda haukuandikwa popote, na fundi mchoyo aliweza kuficha siri za kazi na kumweka kijana miaka mingi kama mchukuzi asiye na ujira.

Wamisionari wa Kianglikana walipoanzisha kazi ya kupiga chapa Unguja katika miaka ya 1860, chini ya uangalizi wa Edward Steere, waliochapa walikuwa vijana, wengi wao wakiwa wamekombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Walipanga herufi za risasi huku wakijifunza kusoma, na mwaka 1888 wanafunzi wa Kiungani walianza kutoa gazeti la Msimulizi. Huko Tanga, shule ya serikali ya Kijerumani iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilikuwa na karakana zake, na humo ndimo gazeti la Kiongozi lilimochapwa. Wanaoichunguza nathari ya awali ya Kiswahili huzungumzia wahariri. Ni nadra kukumbuka kwamba kurasa hizo zilitoka mikononi mwa wanagenzi. Mahali hapo mwajiri, mwalimu na fundi walikuwa chini ya paa moja.

Paa hilo lilikuja kugawanyika. Reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilitegemea vibarua na mafundi waliotolewa Bara Hindi kwa mikataba. Baadaye serikali ya kikoloni ya Kenya ilitaka mafundi Waafrika ambao ujira wao ungekuwa nafuu, na katikati ya miaka ya 1920 ikafungua kituo cha mafunzo huko Kabete. Kufundisha kukaanza kuhamia chuoni. Fundi wa kiwandani akabakiwa na kazi.

Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ya Kenya ya mwaka 1959 ilijaribu kuviunganisha tena. Kwa mujibu wake, mwanagenzi hufungwa na mkataba wa maandishi kumtumikia mwajiri, na mwajiri naye hufungwa kumfundisha. Mwaka 1971 ikaongezwa tozo ya mafunzo: waajiri huchangia mfuko, kisha hurudishiwa gharama za kufundisha. Tozo ilijibu swali la nani alipe. Swali la nani afundishe halikujibiwa kwa fedha hizo. Fundi anayepimwa kwa idadi ya viti anavyounda humwona mwanagenzi kuwa kizuizi, na hana kosa. Mwajiri anayetaka mpango wake usimame hana budi kumtaja fundi huyo katika mkataba, kumpunguzia kazi, kuzihesabu saa za kuelekeza kuwa saa za kazi na kuzilipia. Mengine, yaani muda, siku za chuoni, posho inayopanda kwa hatua na jaribio la mwisho, ni rahisi kuandika.

Tanzania ilianzisha mamlaka ya ufundi stadi, VETA, kwa sheria ya mwaka 1994, na mwaka 2017 ikatoa mwongozo wa taifa wa uanagenzi. Lakini vijana wengi wa eneo hili bado hujifunza nje ya mikataba hiyo. Huko Kamukunji, Nairobi, wanapofua masanduku, majiko na sufuria, na katika gereji nyingi za mijini, ada hulipwa aghalabu kabla kijana hajashika nyundo, au hulipwa kwa kazi yake mwenyewe. Kilemba kilingoja mwisho. Ada ya siku hizi hutangulia. Fundi akishaipokea, hapotezi kitu kijana akiondoka katikati, na wengi huondoka hivyo, wakiwa wamejua kukunja bati lakini hawajajua kulipima.