Damu Iliyokwama Miguuni

Mdogo wangu alikuwa analia usiku. Mchana alikuwa mtoto kama sisi wengine, anapiga mpira wa makaratasi, anaiba mahindi ya kuchoma. Usiku ukifika, hasa mvua ikiwa imenyesha, alijikunja kitandani akashika magoti. "Tienda rama," alikuwa anasema. Mguu wangu unauma. Ukimuuliza ni mguu upi, anakuonyesha yote miwili.

Hii ilikuwa Magunga, kule Gwassi, chini ya milima, kwenye barabara inayotoka Mbita na Sindo ikielekea Karungu. Na kila mtu Magunga alikuwa na jibu. Mwalimu alisema anakua, mifupa inarefuka, itaisha tu. Jirani alisema ni baridi ya ziwa, asiogelee tena. Dani yangu, mama mzaa baba, alinyamaza siku nyingi, kisha akasema neno ambalo nyumba nzima ilikuwa inaliogopa: chira. Kuna mwiko umevunjwa, na mtoto ndiye analipa. Kuna mzee aliitwa, akamchanja chale magotini na kupaka dawa nyeusi. Zahanati alipewa dawa za malaria na za maumivu, akarudishwa nyumbani. Mama alichemsha maji, akamkanda hadi alfajiri, kisha akaenda kuanika omena za watu.

Alipopimwa damu vizuri alikuwa na miaka tisa. Alikuwa na sikoseli. Tanzania wanaiita selimundu, na jina hilo naona linaeleza zaidi, kwa sababu ndivyo seli zenyewe zinavyokuwa: zimepinda kama mundu.

Mifupa yake haikuwa inarefuka kupita kiasi, wala hakukuwa na mwiko. Shida ilikuwa ya njia. Seli nyekundu ya kawaida ni laini na ya mviringo, inapenya hata kwenye mishipa myembamba kuliko unywele. Seli ya mdogo wangu ikishatoa oksijeni hukakamaa na kupinda. Zinashikana, zinakwama, zinafunga mshipa. Fikiria matatu imezima katikati ya barabara ya njia moja: nyuma yake hakuna kinachopita. Sehemu ya mfupa isiyofikiwa na damu inakosa hewa, na huko kukosa hewa ndiyo maumivu yenyewe. Baridi huzidisha. Kukosa maji mwilini huzidisha. Kwa hiyo yule jirani wa ziwa, kati yetu sote, ndiye aliyekaribia ukweli.

Wazazi wetu walipimwa pia. Kila mmoja alikuwa amebeba nakala moja ya jeni hiyo bila kuumwa chochote. Watu wawili wa namna hiyo wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Mimi nilipimwa mwisho. Nimebeba nakala moja. Mdogo wangu amebeba mbili.

Nilipohamia Nairobi kusoma, nilianza kuitafuta historia ya kitu hiki. Nilidhani itakuwa historia ya mbali, na kweli inaanzia mbali. Mwaka wa 1910 daktari wa Chicago, James Herrick, alichapisha habari za kijana kutoka Grenada, Walter Clement Noel, aliyekwenda kule kusomea udaktari wa meno. Noel alikuwa na upungufu wa damu, na miguuni alikuwa na makovu ya vidonda. Kwenye darubini damu yake ilionyesha seli zilizopinda. Ndivyo ugonjwa huu ulivyoingia kwenye vitabu vya kitabibu vya Magharibi, kwa miguu ya Mweusi.

Halafu historia ikarudi nyumbani. Mwaka wa 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Alichukua damu za watu wa sehemu mbalimbali akaona jambo la ajabu. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, waliobeba jeni hii walizidi asilimia 20. Nyanda za juu na maeneo makavu hawakufika hata asilimia 1. Akajiuliza: kitu kinachoua watoto kinawezaje kuwa kingi hivyo? Pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakuna?

Jibu analijua mtoto yeyote wa Magunga. Mbu.

Mwaka wa 1953 Allison alirudi kulithibitisha. Nairobi ilikuwa ndani ya hali ya hatari, vita vya Mau Mau vikiendelea. Alichukua wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, 15 wakiwa na nakala moja ya jeni hiyo na 15 wakiwa hawana. Waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya wale wasiokuwa nayo, 14 walipatikana na vimelea. Kati ya waliokuwa nayo, ni 2 tu. Mwaka uliofuata alichapisha matokeo, na leo ukisoma biolojia popote duniani utakutana na mfano huu wa jinsi mazingira yanavyochagua jeni. Vitabu vinamtaja Allison. Wale 30 vinawaita wajitoleaji, basi. Leo jaribio kama hilo lingeulizwa maswali mengi kabla ya mbu wa kwanza.

Siku niliposoma hayo nilikaa kwenye ngazi za maktaba nikashindwa kuinuka. Nakala moja iliyo ndani yangu ilinikinga utotoni, kwenye kijiji chenye mbu wengi kuliko watu. Mbili zilizo ndani ya mdogo wangu zilimfunga miguu. Ni jeni ile ile, imetoka kwa mama yule yule na baba yule yule.

Kuna jambo lingine linaloniuma zaidi. Miaka ile kulikuwa na madaktari wa kikoloni waliosema kwamba Afrika ina wabebaji wengi lakini wagonjwa wachache. Walitafuta maelezo ya kila aina. Jibu lilikuwa baya na rahisi: watoto walikuwa wanakufa kabla hawajafikishwa kwa daktari, na kifo chao kiliandikwa malaria, au hakikuandikwa popote. Dani yangu alizika watoto wawili. Wote, alisema, walikuwa wanalalamika miguu. Hapo ndipo nilipoacha kumcheka kwa ajili ya chira. Alikuwa anajaribu kukipa jina kitu ambacho hakuna aliyemweleza.

Damu yetu ilifundisha dunia mapema, lakini dawa ilikawia kutufikia. Marekani iliidhinisha haidroksiyurea kwa wagonjwa wazima wa sikoseli mwaka wa 1998. Ilipofika 2019 ndipo yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa kwa watoto wa Afrika, katika Kinshasa, Luanda, Mbale na Kilifi yetu. Watoto 606 walitumia dawa hiyo. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, vifo vilipungua.

Mdogo wangu anaitumia sasa. Yuko Nairobi pia, na Julai yeye ndiye mtu wa soksi mbili na chupa ya maji kila anapokwenda. Nyonga ya kushoto iliharibika kabla hatujajua, kwa hiyo anachechemea kidogo, na makondakta humfokea apande haraka. Mimi nina mchumba. Mwezi jana tulikwenda kupimwa pamoja, kila mtu na bahasha yake. Mdogo wangu alikuja kutusindikiza bila kuombwa. Alikaa katikati yetu kwenye benchi, akanyoosha ule mguu, akasema, "Someni kwa sauti."