Wembe ni ule ule?

Katika vibanda vya vinyozi vya Kahama, Katoro na Geita mjini, jina wembe limebaki ingawa chombo kimebadilika. Wembe wa zamani ulikuwa chuma kinene chenye mpini wa kukunja. Kinyozi aliunoa kwenye mkanda wa ngozi, akaulaza shavuni, akauvuta bila kutetemeka. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani King Gillette akaingiza sokoni kipande chembamba chenye makali pande mbili, kinachobanwa ndani ya kishikio kisizame kwenye ngozi. Nacho tukakiita wembe. Kishikio kikawa mashine ya kunyolea.

Wa kwanza hunolewa, wa pili hutupwa, na Kanda ya Ziwa inaijua vizuri tofauti hiyo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kuchangia wembe kukawa jambo la kuogopwa. Kinyozi makini huuvunja wembe mpya katikati ukiwa bado kwenye karatasi yake, mbele ya mteja, kisha huipachika nusu kwenye mpini wa kukunja. Kwangu huo ndio unyoaji bora: mkono unafuata taya kwa uhuru kama zamani, na makali hayajamgusa mtu.

Mashabiki wa mpira bado wanatamba kwamba wembe ni ule ule. Uwanjani sawa. Mteja aliyekaa kwenye kiti cha kinyozi ana haki ya kuukataa.