Talidomide: dawa iliyokatazwa, kisha ikarudi

Leo sitaongea mahindi wala mbolea. Nitaleta historia ya dawa moja iliyoingia nyumbani kwetu, mu Katuba, kabla sijajua kitu juu yake.

Baba mkubwa wangu aliumwa mgongo muda mrefu. Kila mtu alisema: "Iko rumatisimu tu ya wazee, itaisha." Haikuisha. Damu ilipungua, ubavu ukavunjika bila yeye kuanguka. Mwishoni daktari akataja myeloma, kansa ya uboho, yaani ile sehemu ya ndani ya mfupa ambamo damu inatengenezwa. Chembe fulani za kinga zinazaana bila kipimo, zinakula mifupa, zinachosha figo. Watoto wake wakachanga pesa, dawa ikatoka India: talidomide. Usiku ule nikaanza kusoma.

Kampuni Grünenthal iliitoa sokoni Ujerumani Magharibi tarehe 1 Oktoba 1957. Ilikuwa dawa ya usingizi, ilisifiwa kuwa haina hatari, na watu waliinunua bila karatasi ya daktari. Wanawake wenye mimba wakainywa kwa ajili ya kichefuchefu. Ubelgiji, waliokuwa wanatutawala, iliitwa Softenon. Halafu watoto wakaanza kuzaliwa na mikono mifupi, wengine bila mikono kabisa. Inakadiriwa walifika zaidi ya 10,000 duniani. Novemba 1961 kampuni ikaiondoa Ujerumani. Wakati huo Élisabethville yetu ilikuwa mu sesesio, na Desemba ile watu walikuwa wanakimbia mabomu.

Marekani waliponea kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mama mmoja, daktari Frances Kelsey wa ofisi ya serikali ya dawa. Tangu 1960 kampuni ilimsukuma atie sahihi. Aliomba ushahidi, wakaleta, akasema hautoshi, akaomba tena.

Hadithi ingeishia hapo. Lakini mu 1964, kule Yerusalemu, daktari Jacob Sheskin alikuwa na mgonjwa wa ukoma asiyeweza kulala kwa maumivu. Akampa talidomide ili apate usingizi tu. Kumbe vidonda navyo vikaanza kupona! Dawa ilikuwa imetuliza kinga ya mwili iliyokuwa inamshambulia mwenyewe. Ndiyo maana leo inaitwa dawa ya kurekebisha kinga.

Mu 1999, Bart Barlogie na wenzake wa Arkansas walitangaza matokeo ya wagonjwa 84 wa myeloma, wengi wao wakiwa wameshindikana kwa dawa zingine. Karibu mmoja kati ya watatu alipata nafuu. Mu 2005 ndugu yake mdogo, lenalidomide, akakubaliwa Marekani kwa ugonjwa mwingine wa uboho, ule ambao uboho unashindwa kutengeneza damu nzuri.

Mu 2010 Wajapani, Takumi Ito na Hiroshi Handa, wakaonyesha mahali dawa inaposhika: protini inayoitwa serebloni. Ikishika pale, chembe ya kansa inapoteza protini inazozihitaji ili kuishi. Na mtoto aliye tumboni, kwa njia ileile, anapoteza zile zinazojenga mikono. Hakuna talidomide mbaya ya 1957 na nzuri ya 1999. Dawa ni ileile, masharti njo yalibadilika. Marekani iliporuhusiwa mu 1998, ilikuwa kwa kupima mimba, kuzuia mimba na kuandikisha kila mgonjwa. Hata mwanaume lazima avae kondomu, maana dawa inaingia mu manii. Ku Eldoret, mu Kenya (ile nchi, si komini yetu), nako madaktari wametibu myeloma kwa dawa hii.

Sasa kwetu. Dawa ilifika mu mfuko wa msafiri, na notisi ya Kiingereza. Shemeji yangu ndiye alikuwa anampa mzee kila usiku. Akishindwa kumeza, anafungua kapsuli na kumwaga unga mu uji. Ku karatoni kulikuwa picha ya mwanamke mwenye mimba, imepigwa mstari mwekundu. Shemeji alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Yaya, miye nilizania ni alama ya kampuni tu," aliniambia.

Daktari alitutuliza kwamba mikono inajengwa mu wiki za kwanza, lakini akamkataza kugusa tena. Siku ya kuzaa tulihesabu vidole mara mbili. Kumi. Na mzee, dawa haikumponya, lakini alirudi kutembea mpaka ku soko.

Ku fakilte ya agronomia tulifundishwa kutofungua dawa ya wadudu kabla ya kusoma karatasi yake. Mu nyumba ile wenye diplome tulikuwa watatu, na karatoni ilikaa ku meza wiki mbili. Mwenzangu, leo usiku angalia dawa za wazee wako. Soma notisi, watafsirie, na uulize ni nani anayezigusa.